Kwetu Hakuna Mfupi

Mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinaegemeana kama wagonjwa kwenye benchi, na makosa ya maneno mtayakuta mengi, kwa sababu niliishia darasa la saba na tangu hapo nimeshika jembe zaidi kuliko kalamu. Kurasa hizi zimenichukua kiangazi kizima. Kusema mbele za watu siwezi. Nikiitwa mkutanoni nasahau hata jina langu. Kwa hiyo ninaandika, polepole, kwa ajili ya mtoto yeyote anayevaa kaptula alizoachiwa na mdogo wake.

Mimi nilizivaa. Mdogo wangu Juma alinipita urefu nikiwa darasa la tatu, na nguo za nyumbani kwetu zikabadili njia. Baba alinunua kaptula, Juma akaivaa mpaka ikambana, kisha mama akaifua, akaikunja na kunipa mimi, kaka mtu. Wageni walimsalimia Juma kwanza, wakamuuliza habari za shamba. Mimi walinishika kichwa, wakasema, "Na huyu mdogo anaitwa nani?" Juma alijibu kwa niaba yangu, tena kwa sauti nzito: "Huyu ni Hatibu." Kwamba mimi ndiye mkubwa hakusema.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kwedizinga. Zamani baba alikata mkonge Ngombezi, na mimi nilizaliwa huko kambini. Baba ni mrefu kiasi kwamba kila nyumba aliyoingia aliacha alama ya mafuta ya nywele juu ya mlango. Bibi, mama yake baba, ni mrefu. Shangazi ni mrefu na analijua hilo. Mama yangu ni mtu wa Sindeni, mwanamke wa kimo cha kawaida, lakini akisimama kati ya watu wa kwa baba anaonekana kama amekaa.

Ugonjwa wangu haukuwa na siku ya kuanza. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, jioni miguu. Viganja vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka kukanda unga. Nikipanda kilima cha kwenda shule, moyo ulipiga mpaka niliuona ukitikisa shati. Tumbo lilitangulia, mimi nikafuata. Mwalimu alinikalisha mbele, na siku moja mkaguzi alikuja, yeye akanishika mkono kwa upole akanirudisha darasa la kwanza, akidhani nimepotea. Kwa aibu nilikaa huko huko mpaka kengele.

Halafu kulikuwa na habari ya udongo. Mvua ikinyesha kwenye ukuta mpya, ule udongo hunukia, na mimi harufu ile ilinishika kama njaa. Nyumba zote za kijiji zilikuwa mpya. Ya balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mhina, ilikandikwa kwa udongo mwekundu wa kichuguu, na hiyo ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote. Masika yalipokwisha, kona yake ya nyuma ilikuwa na shimo la kutosha kuku kulalia. Mzee Mhina alimshtaki mbuzi wa jirani. Mbuzi akafungwa kamba.

Nyumbani hawakuniita mgonjwa. Waliniita mfupi. Bibi ndiye aliyesema kwanza kwamba lipo jambo.

"Huyu amerukwa," alisema.

Kwetu kila mtu analijua hili. Mtoto akilala amenyoosha miguu, mtu akampita kwa juu na asirudi kwa njia ile ile, urefu wa mtoto unabaki pale pale. Dawa yake ni yule aliyeruka arudi aruke tena. Shida ilikuwa kumjua. Bibi alihesabu watu wa kambini Ngombezi, ambako tulilala chini, chumba kimoja, na watu wa kila kabila wakipita usiku kwenda haja. Wengine walikwishahamia Kilosa, wengine walikufa. "Basi tuanze na walio karibu," akasema.

Alimwendea balozi. Mzee Mhina alipenda sana kazi yoyote inayohitaji watu kupanga mstari. Akatangaza kwamba asubuhi, kabla ya kwenda shamba la pamoja, kila mtu mzima wa nyumba zake kumi afike uani kwetu amruke mtoto.

Nilitandikiwa mkeka. Mama alinifunika uso kwa kanga kwa sababu alijua nitakufa kwa haya. Kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia miguu, na vumbi likaniangukia kwenye magoti.

"Mnarukia upande gani?" mzee mmoja akauliza.

"Wa kulia kwenda kushoto."

"Na kama mtu alimruka kulia kwenda kushoto mwanzoni? Si ndiyo anazidi kumfupisha?"

Mstari ukasimama. Hakuna aliyekumbuka upande wake, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniruka. Wengine wakaona ni salama kuruka kote kuwili. Mzee akasema kuruka kote kuwili ni sawa na kutoruka. Mama mmoja mjamzito akauliza kama yeye akiruka, aliye tumboni hatadhurika. Wakamshauri azunguke. Bwana mganga wa zahanati, kijana mgeni kutoka Lushoto, alikuwa mstarini pia. Alikuwa amehamia nyumba ya tisa wiki ile, na hakutaka kuanza na majirani vibaya.

Ndipo zamu ya shangazi ilipofika, akakataa.

"Tunachosha miguu bure," alisema. "Huyu hajarukwa. Kwetu hakuna mfupi. Tangu babu wa babu, hakuna. Sasa huyu ametoka wapi? Muulizeni mama yake, labda kule Sindeni wanajua."

Chini ya kanga nilingoja baba aseme neno. Baba alikohoa tu.

Juma hakuweza kamwe kuvumilia jambo liishe bila yeye. Akasema, "Labda ni kwa sababu anakula nyumba ya balozi."

"Anakula nini?" Mzee Mhina akauliza.

"Nyumba. Kona ya nyuma. Na ya kwetu anakula, lakini ya kwako anaipenda zaidi."

"Kwa hiyo yule mbuzi..." alisema Mzee Mhina, asimalize.

Kanga ikaondolewa. Nilidhani ni balozi amekuja kunipiga, kumbe ni bwana mganga. Alinivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaangalia muda mrefu, akatazama viganja, kisha akamwambia baba, "Mzee wangu, huyu mtoto anaumwa. Mpeleke Korogwe, na usingoje kuvuna."

Mama hakungoja chochote. Alifunga nguo zake kwenye kanga ile ile iliyokuwa usoni kwangu. Alimwambia baba, mbele ya watu, bila kupaza sauti, "Dada yako amesema, nawe umekohoa. Nitarudi siku neno lile litakapofutwa na aliyelisema." Kisha akaniinamia, "Wewe nenda kapone, mwanangu. Haya mengine si mzigo wako."

Lakini nilijua ni wangu. Nikibaki mfupi, neno la shangazi litabaki, na mama atabaki Sindeni. Njia yote ya kwenda Korogwe, juu ya lori la mahindi, nilinyoosha shingo.

Wanaougua wataniamini nikisema kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ni benchi. Benchi la kuandikishwa, benchi la kumwona daktari, benchi la kupimwa, benchi la kungoja majibu. Wodi ya watoto ilikuwa imejaa akina mama, na katikati yao baba yangu peke yake, magoti yake yamefika kifuani kwa sababu benchi lilitengenezwa kwa watu wengine. Wanawake walikuwa wakinyonyesha, naye alitazama dari siku nzima. Shingo ilimuuma kuliko mimi nilivyoumwa.

Jirani yetu wodini alikuwa Mama Felista, mke wa mkata mkonge wa Ngombezi, aliyelazwa pamoja na binti yake. Siku ya kwanza alimwangalia baba akijaribu kunikorogea uji.

"Shemeji, huo uji au chokaa?"

"Uji."

"Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Anauguza kwao," baba akasema.

"Anamuuguza nani?"

Baba akafikiri. "Watu."

Mama Felista akamnyang'anya mwiko. Siku zile alimfundisha kukoroga uji bila madonge, kupika kisamvu kikaiva, na kufua nguo za mtoto bila kuzichana. Akina mama wengine walikuja kutazama kama wanaotazama sinema. Jioni walikaa wakisimulia mambo ya wakwe na mawifi zao. Baba, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, alisikiliza yote. Kuna mmoja aliyeambiwa na mama mkwe kwamba mtoto wake ana masikio ya watu wengine. Mwingine alirudishwa kwao kwa sababu mtoto alichelewa kuota meno. Niliona baba ameacha kutazama dari.

Walinipima choo. Mnajua inavyofanywa: unapewa kijiti na kiberiti kitupu, unakwenda nyuma, unarudi nacho mkononi ukijifanya umebeba kitu kingine. Majibu yakatoka. Ni safura. Mambo ya kidaktari sitaandika kwa sababu siyajui, ila daktari alieleza kwamba safura ni minyoo inayoingia kwa nyayo, kwenye udongo uliochafuliwa, nayo inakaa tumboni ikinywa damu. Damu ikiisha mtoto hutamani hata udongo, na mwili unaacha habari za kurefuka kwanza uhangaike kuishi.

Mama Felista aliposikia, alimgeukia baba. Ukweli wote alikuwa ameshamtoa, kidogo kidogo, kwenye sufuria ya kisamvu.

"Kwa hiyo mtoto ana minyoo," alisema, "ninyi mkafukuza mke."

Wodi nzima ilicheka, hata mtoto mmoja aliyekuwa akilia. Baba akacheka pia, lakini alimaliza kabla ya wengine.

Dawa yenyewe naikumbuka kwa kinywa mpaka leo. Niliinywa asubuhi bila kula kitu, na dakika chache baadaye kitanda kikaanza kusafiri. Baba alinishika mabega mpaka kiliposimama. Baada ya siku kadhaa wakanipa tena. Kisha vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hufanya choo kiwe cheusi kama lami. Hakuna aliyetuonya. Baba alikwenda kwa nesi, akazunguka meza yake, akashindwa kusema mbele ya wanawake, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akanong'ona. Nesi akajibu kwa sauti ya wodi nzima, "Ni kawaida, mzee. Ukikiona cheusi ujue anameza vidonge, hatupi."

Viganja vyangu vilirudiwa na rangi taratibu. Siku moja nilipanda ngazi za wodi nikafika juu, nikakumbuka kwamba moyo haujapiga kelele. Nilishuka nikapanda tena kuhakikisha.

Siku ya kuruhusiwa baba alimuuliza daktari lile ambalo sote tulikuja nalo. "Atarefuka?"

"Mama yake ni wa kimo gani?"

Baba alinyoosha mkono akauweka kifuani kwake, hapa, chini ya bega. Akauacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi angekuwa katikati yenu," daktari akasema. "Kimo kinatoka kwa baba na mama, lakini kinahitaji chakula na damu ili kije. Huyu amepoteza miaka. Akila vizuri atakimbia kuifuata. Ataikuta wapi, mimi sijui. Na nyumbani wapimwe wote. Alikotembea peku yeye, nanyi mlitembea peku."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Tulirudi kijijini, baba akakutanisha nyumba yetu na kutaka kila mtu atoe kiberiti chake. Bibi akasema, "Mimi katika umri wangu sijafika Korogwe. Leo choo changu ndicho kitangulie?"

"Mama, ni kwa afya."

"Kitafikia kwa nani?"

Shangazi alikataa moja kwa moja. Alisema yeye hana tumbo la kupimwa, kwa kuwa watu wa kwao ni wazima, kimo chao kinaonyesha. Baba akamwendea Mzee Mhina. Balozi bado alikuwa na uchungu wa kona yake, na mstari ulikuwa haujamtoka moyoni. Akaamuru kwamba kila aliyeniruka, na aliyeitwa kuruka akakataa, alete kiberiti asubuhi.

Dukani viberiti vikaisha. Watu walimimina njiti mifukoni, wengine wakazifunga kwenye majani ya mgomba, na kwa siku kadhaa ukiomba moto kwa jirani anafungua kifurushi kama cha hirizi. Bwana mganga aliandika majina juu ya kila kiberiti. Baba akavipanga vyote kwenye kikapu, akafunika kwa kitambaa, akapanda lori. Njiani mzee mmoja mwenye kiko alifunua kitambaa, akafurahi.

"Ndugu, una mali. Niazime kimoja."

"Hivi havina moto," baba akasema.

"Vyote?"

"Vyote, baba. Afadhali usifungue."

Lile lori halikuwa na mahali pa kukimbilia, na mzee wa kiko alikuwa mbishi. Baba hakutusimulia mwisho wake.

Majibu yalipokuja, bwana mganga hakutangaza siri ya mtu. Alituita tu uani, pale pale nilipolazwa mkekani, akagawa dawa. Karibu kila mtu alipewa. Baba alipewa. Juma alipewa, naye akalia kwa sababu alikuwa ameahidi darasa zima kwamba yeye hana. Bibi alipewa akauliza kama Korogwe walikipokea choo chake vizuri. Shangazi alipewa, na kisha akaambiwa arudi tena kunywa mara ya pili, kisha mara ya tatu, na watu kijijini wanajua kuhesabu. Kwa siku mbili alilala mkekani akitazama juu kama mimi nilivyokuwa. Mtu akipita karibu na miguu yake, alisema kwa sauti dhaifu, "Zunguka."

Alibaki mama peke yake. Baba alivaa kanzu yake ya Idi, akaninyoosha kola, tukaenda Sindeni kwa miguu, mimi nimevaa katambuga za tairi ambazo daktari aliamuru. Watoto wa njiani walisema nimeongeza urefu kwa tairi. Mfukoni baba alikuwa na kiberiti kitupu.

Babu wa Sindeni alitupokea barazani. Baba alikaa chini kabisa, akainamisha kichwa ili asiwe mrefu. Mama alitoka, akaniita, akanivuta kope kama alivyoona bwana mganga akifanya. Akanigeuza viganja. Akavishika kwa muda.

"Shikamoo baba," baba alimwambia babu. "Nimekuja kusema mbele yako. Mtoto alikuwa na minyoo. Na mimi ninayo. Na mama ninayo... yaani mama anayo. Ukoo wangu wote unayo, na dada yangu ndiye aliyepewa dawa nyingi kuliko wote." Kisha, kwa kuwa hakujua la kufuatia, akatoa kiberiti mfukoni na kukiweka mkekani mbele ya mama.

Mama alikitazama. "Umekuja kunichukua mimi au umefuata choo changu?"

Baba alifikiri kama alivyofikiri kwa Mama Felista. "Vyote viwili."

Mama akauma pindo la kanga. Mabega yalimtikisika. Babu akaingia ndani, nadhani naye alikwenda kucheka. Lakini mama alipomaliza alifuta macho, akasema, "Wewe nimekusikia. Aliyesema neno si wewe." Akakaa. Tukarudi bila yeye, na kiberiti kikabaki.

Shangazi hakuambiwa na mtu. Vuli ilikuwa imeanza, njia ina matope. Asubuhi moja bibi alimtafuta hakumwona. Alikuwa amekwenda Sindeni peke yake, huku bado miguu haina nguvu kwa ile dawa. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema shangazi alifika amelowa, akakaa ukingoni mwa mkeka, akakataa maji, akainuka, akakaa tena. Mwishowe akasema, "Wifi, mimi nimekutwa na minyoo mingi."

"Nimesikia," mama akasema.

"Ya kwetu. Sikuupata Sindeni ugonjwa huu."

Mama alisogea akampa nafasi katikati ya mkeka, na shangazi akalala pale mpaka alasiri, kwa sababu alikuwa amechoka. Waliingia kijijini pamoja jioni, mrefu na wa kawaida, chini ya mwamvuli mmoja ambao ulimfunika mmoja tu.

Tangu hapo ni misimu kadhaa. Tumechimba choo kirefu, na bibi anakisifu kwa wageni. Usiku magoti yaliniuma, na mama alisema ni mifupa inafanya haraka. Kaptula zilianza kunibana kabla Juma hajazimaliza, ikawa ugomvi wa aina nyingine. Leo nimefika kwenye sikio la Juma. Kwa baba nimefika begani, na kwa mama nimepita. Mwaka huu sijaongezeka hata kidogo, nami nasikia watu wakisema kijana wa umri wangu amekwisha kufika. Mama ananiambia nimetosha. Shangazi ananiambia nimetosha, tena kwa sauti kubwa, hata sijamuuliza.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama mwanao ana viganja vyeupe na anapenda ukuta, usimtafute aliyemruka, mpeleke akapimwe. Na kama wewe mwenyewe uliugua safura ukiwa mdogo ukapona, nakuomba uniandikie kwa njia ya mwalimu mkuu wa shule ya kijiji chetu. Barua yoyote inayomtaja Hatibu hunifikia. Uniambie ulikuwa na umri gani uliporefuka mara ya mwisho. Mwandiko mbaya si neno, mnaona wangu. Na kama ulibaki hapo hapo ulipokuwa, niandikie pia. Tutakuwa wawili.